Leta Juu

Jumatatu na Alhamisi, Alasiri ikishapita,
Jussara hugonga mlango wangu, hapa Sallan, Sohar,
na riwaya ya Kiingereza iliyopasuka mgongo,
kalamu nyekundu,
na mikate midogo ya jibini ndani ya kitambaa.
Mumewe yuko kiwandani na vumbi lake la chuma.
Wametoka Brazili. Kireno ni cha ulimi wake,
"si cha nasaba," husema, akijigusa nywele.

Maneno marefu hayamtishi.
Yale ya silabi tano, yenye koti na tai,
ni binamu zake, walinyonya Kilatini pamoja.
Wanaomtesa ni wafupi:
toa, weka, pita, leta,
na vijineno vinavyowaandama
kama watoto wa jirani nyuma ya gari la aiskrimu.

"Weka juu pamoja na," anasoma. "Aliweka nini? Juu ya wapi?"
Hakuweka kitu, Jussara. Alimvumilia mumewe.
"Na huyu aliyepita mbali, atarudi sura ya ngapi?"
Huyo harudi.
Anafumba kitabu kidogo, kidole kikiwa ndani.
Alikuwa amempenda yule mzee.

Namwambia: sisi tunakishonea kitenzi mkia.
Funga. Fungia. Fungana. Fungua,
na mlango uleule umeshakuwa milango minne.
Mwingereza hukiacha kitenzi chake uchi,
akatuma kijineno kikifuate
na maana yote kikaibeba hicho kidogo.
Anaandika "mkia" pembeni mwa ukurasa,
kwa herufi kubwa, kama jina la dawa.

Siku moja aliweka kitabu mezani, nikacheka.
Meza ni yenu, nikamwambia. Bendera yenu, leso yenu.
Gereza pia: kwenu lilikuwa kanisa,
kwetu likatiwa komeo.
Akatazama dirishani, kuelekea ngome nyeupe
waliyoikalia wazee wake,
au waliowatawala wazee wake,
hakuwa na hakika, na mimi sikumsaidia.

Nikamtungia ubeti, aukariri jikoni:

Leta juu ni kulea, na pia ni kutapika,
Na jambo likipotea, huletwa likatajika,
Toa ndani: kulegea, toa juu ni kuchoka,
Jussara ukikosea, cheka, rudi kuandika.

Aliukariri wiki nzima. Alhamisi akaja nao,
akaketi, akalivua jozi la viatu,
akauliza kwa Kiingereza chake cha kupima hatua:
"Mwalimu, wewe nani alikuleta juu?"

Ningejibu kwa neno moja. Shangazi.
Lakini kijineno kile kilinishika shingo.
Nilikuwa na miaka tisa, nimetoka Wete
na sanduku la bati na Kiarabu cha msahafu tu.
Kutoka Maskati hadi hapa nilitapika mara nne
ndani ya gari jipya la mume wa shangazi Shemsa,
naye kila mara alisimama, akanishikia paji la uso,
akaniita kwa jina ambalo halikuwa langu,
la binti yake aliyekwisha kuzikwa.
Nikaitika.
Nimeitika miaka thelathini na moja.
Jambo hili sijawahi kulileta juu,
wala kwa mume wangu, wala kwa Shemsa mwenyewe.

Jussara hakuandika kitu.
Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika neno moja la Kireno,
akaligeuzia kwangu.
"Kwetu," akasema, "kulea na kuumba
ni kitenzi kimoja. Hakina mkia. Hakifuatwi na mtu."

Chai ilikuwa imeota ngozi.
Nikamwomba anisomee ukurasa unaofuata,
polepole,
na asinisahihishe nikikosea kusikia.